Nilipokuwa Kompyuta ya Sosaiti

Shangazi yangu alienda mnadani kununua sufuria. Hiyo ilikuwa mara tu baada ya uhuru, wakati Wazungu wengi wa upande wa Moiben walikuwa wanafunga masanduku, na karibu kila Jumamosi kulikuwa na mnada kwa shamba la fulani. Watu wetu hawakuwa wameuzoea mnada. Ulikuwa ukikuna pua, umenunua kabati. Jirani yetu mmoja alienda kutazama tu, akampungia mkono shemeji yake aliyesimama ng'ambo ya uwanja, akarudi nyumbani na tandiko la farasi. Farasi hakuwa naye, wala hakuwahi kumpata. Alilitandika juu ya gogo mbele ya nyumba akawa analikalia jioni, na ukipita barabarani ungedhani mtu yuko safarini.

Shangazi naye sufuria hakupata. Alipata toroli ya chai. Ni meza ndogo ya mbao yenye magurudumu na ghorofa mbili, ambayo mpishi wa Mzungu alikuwa anaisukuma kutoka jikoni mpaka sebuleni ili chai ifike ikiwa imesimama wima. Nyumba ya shangazi ilikuwa ya udongo, sakafu ya udongo iliyosiribwa vizuri kwa mavi ya ng'ombe, na toroli ilipowekwa pale magurudumu yalizama kama miguu ya bata. Haikusogea tena. Ghorofa ya chini shangazi akaweka vifaranga, ya juu akaweka Biblia na chupa ya mafuta ya taa. Hivyo ndivyo ilivyokaa miaka, mpaka sosaiti ikanunua shamba la yule yule Mzungu, nyumba ikiwemo.

Labda wewe kijana hujui sosaiti. Ilikuwa hivi: watu wanachanga, wanaungana, wananunua shamba moja kubwa ambalo hakuna mmoja wao angeliweza peke yake. Halafu wanangoja kugawiwa. Yetu ilikuwa na watu wa hapa hapa, watu waliotoka Central, Mkoa wa Kati, na malori yao na magunia ya viazi, na wengine waliotoka upande wa Ziwa. Wote walikuwa wamoja kwa sababu hakuna aliyejua bado kipande chake kitakuwa wapi. Kulikuwa na upande wa mto na kulikuwa na upande wa mawe. Mtu ambaye hajui kama atapewa mto au mawe huwa na adabu sana.

Ofisi ikawekwa sebuleni mwa Mzungu, kwenye sakafu ya mbao. Mwenyekiti akaja kwa shangazi akaomba ile toroli, maana ofisi haikuwa na meza ya chai. Shangazi akasema ataitoa, lakini ina masharti.

"Hiyo kitu haijisukumi," akamwambia. "Iende na huyu."

Huyu ni mimi. Nilikuwa kijana mkubwa tayari, nimefika darasa la tatu na kuliona kuwa linatosha. Basi nikaingia kazini, mimi na toroli, siku ile ile.

Karani wa sosaiti alikuwa kijana mwembamba mwenye asili ya Nyeri. Wazazi wake walikuwa na duka la chumvi na mafuta ya taa pale Eldoret mjini, na yeye alikuwa anakuja kazini kwa baiskeli, suruali imefungwa kamba kwenye vifundo vya miguu. Shati jeupe kila siku. Sijui alilifua lini. Alikuwa anapokea bahasha kutoka ng'ambo, anazifungua, anasoma, anatikisa kichwa. Mimi nilidhani ana ugonjwa na madaktari wa huko ndio wanamwandikia. Nikaanza kumwekea sukari zaidi.

Siku moja akaniita.

"Ndugu, wewe unaweza kufanya kazi bila kufikiri?"

Nikamwambia hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Ndipo akanieleza. Zile bahasha zilikuwa masomo ya posta. Alikuwa anajifunza kuiandikia kompyuta maagizo. Kompyuta yenyewe, akasema, ni mashine yenye ukubwa wa chumba hiki, iko Nairobi kwa kampuni kadhaa, inalishwa kadi zilizotobolewa matundu. Haichoki, haifikiri, haiongezi neno lake. Inafanya kile kilichoandikwa tu.

"Kama ng'ombe wa plau," nikasema.

"Ng'ombe wa plau anajua mwisho wa shamba," akasema. "Hii haijui. Lazima uiambie."

Shida yake ilikuwa moja. Shule fulani ya Nairobi ilikuwa imemkubali aende akasomee mashine yenyewe, na nafasi ilikuwepo. Lakini walitaka barua ya kamati ya sosaiti, iseme kwamba wanamwachilia na wanamsifu. Na kamati haikuwa ya kusifu kitu isichokiona. Zaidi ya hayo, alikuwa amekwama kwenye masomo. Alikuwa amefika kwenye sura ya kile Waingereza wanaita loop, yeye akaiita mzunguko, na kila akipeleka majibu yanarudi yamechorwa kwa wino mwekundu. Angejuaje alipokosea? Mashine haikuwepo. Kutoka Eldoret mpaka Nairobi huwezi kwenda kwa baiskeli kuuliza swali moja.

"Kwa hivyo nataka wewe uwe kompyuta," akasema.

Tulikubaliana mandazi kila Ijumaa.

Mzunguko, kama alivyonieleza, ni ujanja wa mtu mvivu. Badala ya kuandika "osha kikombe, osha kikombe, osha kikombe" mpaka wino uishe, unaandika mara moja, halafu mwishoni unaandika "rudia." Akanikatia kadi kutoka kwenye boksi la sabuni. Ya kwanza: chukua kikombe. Ya pili: kioshe. Ya tatu: kiweke mezani. Ya nne: rudi kadi ya kwanza. Akaniambia nikiwa kompyuta hata akiniita kwa mdomo nisimsikie, kwa sababu kompyuta haina masikio, inajua kadi tu. Halafu akapanda baiskeli akaenda posta.

Nikaosha vikombe vyote vya ofisi. Vikaisha. Kadi ikasema nirudi ya kwanza, na ya kwanza ikasema nichukue kikombe. Haikusema kikombe kichafu. Nikachukua kisafi, nikakiosha. Watu wengine wanaposikia habari hii wanaona kama nilikuwa mjinga. Mimi nawauliza: umewahi kukaa Eldoret mwezi wa saba? Baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Maji yalikuwa ya moto, nimekaa ndani, na kuna mtu ameniandikia kwa mkono wake kwamba niendelee. Nje, wenzangu walikuwa wanachimba mashimo ya nguzo.

Karani aliporudi, jua limeshaegemea upande wa Kimumu, alinikuta nikiosha. Vidole vyangu vilikuwa vimekunjamana kama vya bibi kizee. Kikombe kimoja kilikuwa kimepoteza maua.

"Kwa nini hukuacha?" akauliza.

Nikanyamaza, maana aliuliza kwa mdomo. Akashika kichwa, akaitoa kadi ya nne mkononi mwangu, nikasimama. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye mbao za Mzungu. "Ndiyo hii," akasema. "Ndiyo hii walichora wino mwekundu. Sikuandika mwisho."

Basi tukajifunza mwisho. Kila mzunguko, akasema, lazima uwe na swali, na jibu la swali ndilo linalokutoa. Akaandika: kuna kikombe kichafu? Kama kipo, osha. Kama hakipo, simama. Hapo nikaona kweli mambo yanaenda. Nilikuwa nauliza kwa sauti, peke yangu jikoni, "Kuna kikombe kichafu?" na kujijibu, "Hakipo," na kusimama wima kama askari. Shangazi alipita siku moja kuuza mayai, akanisikia, akaenda moja kwa moja kwa mchungaji.

Kukawa na suala la swali liwe wapi. Hili lilitusumbua. Karani aliandika: tia kijiko cha sukari, halafu uliza kama anataka zaidi, akikubali rudia. Nzuri. Lakini mweka hazina wetu, mtu mnene wa Central mwenye duka la nguo na maneno mengi, alikuwa hatumii sukari kabisa, daktari alimkataza. Kwa kadi zile, alikuwa anatiwa kijiko kimoja kwanza ndipo aulizwe.

"Unaniuliza kama nataka zaidi," akaniambia, "kwani nani alikuambia nilitaka ya kwanza?"

Karani alikimbilia kitabu, akakuta imeandikwa: swali linaweza kukaa mbele au nyuma, na hizo ni dawa mbili tofauti. Likikaa nyuma, kazi inafanyika angalau mara moja hata kama haitakiwi. Akahamisha swali mbele. Mweka hazina akapona.

Halafu kukaja kuhesabu. Kuna mizunguko, akasema, ambayo haina swali la macho, ina hesabu tu: fanya mara kadhaa halafu basi. Kwa sababu kompyuta haiwezi kukumbuka bila kuwekewa mahali pa kukumbuka, akanipa punje za mahindi mfuko wa kushoto. Kila mzunguko nihamishe moja mfuko wa kulia. Wa kushoto ukiisha, nisimame. Ingefanya kazi kabisa. Ila punje alizonipa alizitoa jikoni, na zilikuwa za kukaanga, zina chumvi. Nilikuwa nikihamisha, mkono unapitia mdomoni. Mfuko wa kushoto uliisha, kazi ikasimama mahali pake vizuri, lakini alipotaka kuhakikisha kwa kuhesabu mfuko wa kulia hakukuta kitu. Juma lililofuata aliniletea vifungo vya shati.

Nasema haya ili ujue kwamba alijifunza. Wino mwekundu ulipungua. Bahasha moja ilikuja na neno la sifa limeandikwa pembeni, akaniita nisome, na mimi nikajifanya nasoma. Ndipo akaona wakati umefika wa kuionyesha kamati. Kikao kikubwa kilikuwa kinakuja, cha kuzungumza mto na mawe. Akamwomba mwenyekiti nafasi, akaipata kabla ya ajenda.

Mwenyekiti alikuwa dereva wa trakta wa yule Mzungu zamani. Alikuwa mtu wa kuheshimu mashine. Mke wake, ambaye sote tulimwita Mama, ndiye aliyeleta maziwa siku hiyo, mursik ya kibuyu, ile nzito yenye rangi ya majivu, kutoka kwa ng'ombe zake mwenyewe. Na alikuwepo mzee mmoja mkubwa kuliko wote, ambaye neno lake ndilo lingesema nani atapewa wapi. Yeye alikaa kiti cha Mzungu chenye mikono. Mweka hazina alikaa karibu na mlango, na wanakamati wengine walijazana kwenye benchi.

Karani alisimama na shati lake.

"Wazee wangu," akasema, "leo mtahudumiwa kwa njia ya kompyuta. Hakuna atakayewauliza kama mmeshiba. Mashine itajua yenyewe."

"Itajuaje tumbo langu?" akauliza mweka hazina.

"Itaona kwa kikombe, Mzee."

"Basi ni ya kwanza. Mke wangu ameshindwa."

Kadi zilikuwa nzuri. Mpaka leo nasema zilikuwa nzuri. Zunguka meza. Ukiona kikombe kitupu, jaza. Ukifika mwisho, ngoja vikombe viwekwe chini. Halafu uliza: kuna kikombe kitupu? Kikiwepo, zunguka tena. Kisipokuwepo, watu wameshiba, simama. Swali mahali pake, mwisho upo, kila kitu.

Lakini mwisho ule aliutoa nyumbani kwa mama yake. Kwao, mgeni akishiba anaacha kidogo chini ya kikombe. Mwenye nyumba anaona, anatoa kikombe, mambo yameisha bila mtu kufedheheka. Kwetu sisi, maziwa hayaachwi. Ukiacha maziwa kikombeni umemwambia ng'ombe kwamba alichotoa hakihitajiki, na ng'ombe ana masikio. Mimi mwenyewe sikuwaza hilo. Nilikuwa kompyuta.

Mzunguko wa kwanza, wote wakanywa, wote wakasifu. Wa pili, wakanywa. Wa tatu, yule mzee mkubwa akamaliza kikombe chake pole pole, akakigeuza kuonyesha kwamba hakikubaki hata tone, akakiweka chini kwa heshima. Watu wa Central wakamtazama. Watu wa Ziwa wakamtazama. Nani ataacha maziwa mbele ya mzee huyo, siku ya kuzungumza mto na mawe? Wakamaliza wote. Vikombe vitupu. Nikauliza kwa sauti, kama nilivyofundishwa, "Kuna kikombe kitupu?" nikajijibu, "Kipo," nikazunguka tena.

Karani alianza kutoa jasho. Aliangalia kibuyu, nikajua anachofikiri: maziwa yataisha. Na kweli yakaisha. Lakini Mama alikuwa amekaa barazani akisikiliza, na aliposikia kibuyu kinakwaruza alisimama, akaenda nyumbani, akarudi na kingine.

"Watu wanakunywa halafu maziwa iishe?" akasema. "Kesho nitapita wapi?"

Akaweka kibuyu juu ya toroli, akampungia mtoto wa jirani alete cha tatu.

Hapo mkanda wa kwanza ulifunguliwa. Mweka hazina akaninong'onezea nilipomfikia, "Kijana, mimi nina watoto."

Nikajaza.

"Mashine yako haina huruma," akamwambia karani.

"Haikuandikiwa, Mzee," akasema karani, kwa sauti ndogo.

Mwanakamati mmoja kwenye benchi alimwambia mwenzake, "Acha kidogo wewe, na mimi nitafuata."

"Acha wewe. Mimi nataka mto."

"Hata mimi nataka mto."

"Basi kunywa."

Karani akanikonyeza. Kompyuta haikonyezwi. Akasema, "Basi, ndugu, inatosha," na mimi nikaendelea, kwa sababu ndivyo alivyonifundisha kwa mkono wake, na siku hiyo ndiyo ilikuwa ya kuonyesha kwamba amenifundisha. Nilijua barua yake iko pale mezani kati ya vile vikombe. Ningemsikia kwa mdomo, wangesema si mashine, ni yule mpwa wa shangazi wa mayai. Alifahamu. Akachukua kipande cha boksi, akaandika SIMAMA kwa herufi kubwa, akangoja nimalize zamu ya meza, akaichomeka juu ya kadi zangu. Nikaisoma. Nikasimama.

Mtu mmoja alipumua kama pampu.

Yule mzee mkubwa ndiye aliyesema kwanza. "Nimekaribishwa sehemu nyingi," akasema. "Sijawahi kukaribishwa namna hii."

Mwenyekiti akainuka akishikilia meza. "Trakta ikiisha mafuta inasimama," akasema. "Nimeendesha, najua. Hii haikusimama mpaka ikaandikiwa. Hii ni mashine."

Karani akashika pumzi. Mimi pia. Shati lake lilikuwa limeshikamana na mgongo.

"Na wewe unataka tukupe barua, uipeleke akili hii Nairobi?"

"Ndiyo, Mzee."

"Haiwezekani," akasema mwenyekiti. "Nairobi wana yao. Sisi tuna hii moja."

Benchi lote likakubali, kwa vichwa tu, maana hawakuweza kuinama. Wakasema karani ni mtu wa maana sana, kwamba hawakujua. Wakasema ni yeye atakayeandika ugawaji wa shamba, na kompyuta itumike vikao vyote. Barua atapewa, hakuna anayemkatalia mtoto masomo, lakini baadaye. Aulize kikao kijacho.

Sijui kama umewahi kuona mtu akisifiwa mpaka akanyauka.

Kikao kilichofuata aliuliza. Wakamwambia shamba bado halijapimwa. Kilichofuata tena aliuliza, wakamwambia mpimaji amekuja lakini mvua imemrudisha. Mimi wakati huo nilikuwa nazunguka na chai, kadi mkononi, na mwisho mpya tulioutunga: mtu akifunika kikombe kwa kiganja, mruke. Kila mtu aliupenda. Wageni walikuja kutoka sosaiti ya upande wa Kapseret kutazama. Karani alikuwa anawaeleza kwa upole, swali mbele, swali nyuma, mahali pa kukumbuka, na vifungo vyangu mfukoni vikalia kidogo nikitembea.

Halafu kikao kimoja, kiangazi kimeanza, vumbi likiingia dirishani, alisimama akauliza tena. Alisema shule imemwandikia kwamba nafasi inakaa mpaka mwisho wa mwezi huo, basi.

"Tumekusikia," akasema mwenyekiti. "Shamba likigawanywa, siku hiyo hiyo."

"Litagawanywa lini, Mzee?"

"Tukikubaliana nani anapata mto."

"Na mtakubaliana lini?"

"Kikao kijacho tutalizungumza," akasema mwenyekiti, kwa roho safi kabisa. "Uulize kikao kijacho."

Karani akabaki amesimama. Alikuwa anamtazama mwenyekiti, lakini si kwa hasira, alikuwa na ule uso wa kusoma bahasha iliyorudi na wino mwekundu, ya mzunguko usioandikwa mwisho. Akafunga kalamu. Akarudisha kiti chini ya meza taratibu kama alivyozoea, akazunguka kwenda kwa yule mzee mkubwa, akamsalimia kwa mikono miwili. Mzee akamuombea baraka, akidhani ni adabu tu. Kisha akatoka.

"Ameenda msalani," akasema mweka hazina.

Nilikuwa karibu na dirisha. Nilimwona anaipita baiskeli yake iliyoegemea ukuta, anapita choo, anapita stendi ya kuwekea mitungi ya maziwa, anafika getini, anashika barabara ya murram. Hakukimbia. Suruali yake ilikuwa imefungwa kamba kwenye vifundo.

"Msalani si upande huo," akasema mwenyekiti.

Tukangoja. Halafu kamati ikaendelea na habari ya mto, na mimi nikaendelea kumtazama mpaka vumbi likamfunika, na hakurudi tena.